Kimya Chenu Nilikiandika Ridhaa

Shangazi yangu Bi Mize,

Shikamoo, ingawa najua safari hii sitaisikia marahaba yako. Nnakuandikia kutoka ofisini, Mji Mkongwe, na ripoti yangu iko mbele yangu. Ile ya utafiti wa namna wananchi wanavyoshirikishwa serikali inapopanga mambo yao. Kichwa kizuri hicho, ati! Ukurasa wa thelathini ndio unaonikosesha raha.

Unaukumbuka ule mkutano wa skuli, Makunduchi? Wanaume walikaa kwenye madawati, nyinyi wanawake mkakaa chini, nyuma, mikono bado ina chumvi ya pwani. Bwana mmoja kutoka mjini akasoma mpango wa kuifunga sehemu yenu ya mwani ili ijengwe hoteli. Akauliza, "Kina mama, mna pingamizi?" Mkanyamaza. Mie kazi yangu ilikuwa kuchunguza kama mmesikilizwa kweli. Nikaandika: wanawake hawakuwa na pingamizi.

Jioni ile ulinipakulia muhogo wa nazi na changu wa kukaanga, na kabla sijatia tonge mdomoni ukanihoji wewe.

"Umeandika nini pale tuliponyamaza?"

Nilipokwambia, ulinikazia macho. "We mtoto una wazimu? Mkwe wangu kakaa mbele pale, nami nipaze sauti? Mie si mwari anayeozwa, ninyamaze mseme nshakubali!"

Nilicheka mpaka nikapaliwa, nawe ukacheka, tukagonga mikono. Wallahi ulikuwa na ulimi! Nikakuahidi nitarekebisha. Ukasema, "Haya baba, nakuamini," ukaniongezea samaki.

Sikurekebisha. Siku ya kukabidhi ripoti ilikuwa imeshafika, na niliona haya kumwambia mkubwa wangu kwamba aliyenikosoa ni shangazi yangu, tena jikoni. Basi. Nimetafuta sababu nyingine miaka yote hii, sijaipata. Sentensi yangu ikachukuliwa kuwa ushahidi kwamba mlishauriwa, na vigingi vyenu vya mwani vikang'olewa.

Ulipoanza kuumwa tukakuleta kwetu Mpendae. Ukawa unawaambia majirani, "Huyu kasoma, ndiye aliyetusemea, basi tu wakubwa hawakumsikiliza." Nilikuwa chumba cha pili, nasikia kila neno. Ulidhani hawakunisikiliza, kumbe sikusema. Mara ngapi nilifika mlangoni kwako nikwambie! Nikawa najipa moyo kwamba nasubiri upate nafuu kwanza. Hukupata.

Baada ya arubaini yako niliiandikia ile ofisi iliyopitisha mpango, nikaomba sentensi yangu ifutwe. Wakanijibu kwa adabu kwamba mpango umeshapita. Jumamosi nikaenda Makunduchi, nikawaomba wenzako wa mwani waje barazani kwako, wao tu, hakuna mkwe, sheha wala mwanamume mwingine. Niliwasomea ukurasa ule. Nikasema, "Aliyeandika haya ni mimi. Bi Mize alinikanya, nami nikamwahidi nitabadilisha."

Hakuna aliyejibu. Mmoja aliuvuta ukaya wake akajifuta macho, wengine wakainuka mmoja mmoja kwenda kuswali laasiri. Nilibaki na daftari mapajani, kalamu iko wazi. Safari hii, Shangazi, sikuthubutu kuandika kwamba wamenisamehe.

Wala wewe sitakusemea tena. Mungu akulaze pema.

Mtoto wa kaka yako, uliyemwamini