Programu Niliyoizima

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Huku hatujambo. Mama ana nguvu zake, isipokuwa masikio ndiyo yamezidi kuwa mazito. Siku hizi wateja humtazama usoni wakitaja gauni wanalotaka, naye anawasoma midomo na kukata kitambaa bila kukosea. Nimeandika barua kwa sababu ujumbe wa simu ningeufuta kabla sijautuma.

Ile kompyuta uliyomnunulia ilikuwa imechoka. Unajua vipimo vyote vya wateja vimo humo. Ukiiwasha asubuhi, unapiga pasi magauni mawili ndipo ifunguke. Bibi harusi mmoja alisubiri vipimo vyake mpaka akasema anakwenda dukani mara moja, na hadi leo hajarudi. Nikamwendea fundi wa kompyuta wa ghorofa ya chini, yule tunayemwita Miwani. Akanieleza kwamba mashine si mbovu, imelemewa tu. Kuna programu kibao zinajiwasha zenyewe na kufanya kazi chinichini bila mtu kuziita, kila moja ikimega kumbukumbu. Akanionyesha orodha ya programu hizo, zinazokula sana zikiwa juu, akaniambia nizizuie zisizo na kazi, ila nisiguse nisiyoijua.

Nikazima ya hali ya hewa, ya muziki, michezo mitatu, na ya printa tuliyokwisha kuitupa. Kesho yake kompyuta ikafunguka kabla pasi haijapata moto. Nikamwita Mama aje aone. Akapiga makofi, akamgeukia mteja, akamwambia kwamba binti yake mkubwa anajua kuchagua vitu, kompyuta aliyoinunua haizeeki.

Dada, kijiba cha roho kilinishika pale pale. Mimi ndiye ninayemshonea vifungo, ninayemrudia maneno mara tatu, ninayempeleka kupimwa masikio. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwetu fimbo ya mbali ndiyo inayosifiwa, na nyoka namuua mimi.

Jioni hiyo nilirudi kwenye orodha nikazima moja zaidi, ile ya simu za video. Uliiweka ijiwashe yenyewe kwa kuwa Mama hajui kuifungua, na simu ya kawaida haisikii. Nilijiambia inakula kumbukumbu. Nilikuwa nimeshatazama, ilikuwa karibu ya mwisho kwenye orodha, haili chochote cha maana. Uliponiuliza kwa nini Mama hapokei, nikakujibu kwamba amezidiwa na kazi za harusi. Ulikuwa uongo mtupu.

Jumapili nne sasa Mama anachana nywele, anavaa gauni lake la bluu, anakaa mbele ya kompyuta kuanzia saa nne mpaka saa sita. Juzi aliniuliza kama nadhani umechoka kumrudia maneno. Akasema hakulaumu, hata yeye angechoka. Nilikwenda chumba cha pasi nikalia. Mchuma janga hula na wa kwao, nami nimemlisha Mama.

Nimeirudisha leo asubuhi, na Miwani ameijaribu, inaita. Mama sijamwambia bado. Nitamwambia kabla ya Jumapili, nikiwa nimemkalia mbele ili asome midomo yangu, asije akaona haya neno likimpita. Wewe piga saa nne kama kawaida yako. Ukinikasirikia una haki, sitajitetea.

Ila nina ombi moja. Miaka yote hii unaongea na Mama, mnacheka, unamuaga, unakata. Mimi huwa nipo nyuma yake na pasi, nakusikia mwanzo mpaka mwisho. Jumapili hii, kabla hujakata, niulizie.

Msalimie shemeji na uwabusu watoto, lakini barua hii usiwasomee.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda