Muhuri wa Apolline

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Séraphine Kavira. Umri: miaka 34. Kazi: fundi wa simu. Makazi: Ndosho, Goma.

Nimeitwa hapa kituoni kwa malalamiko ya Papa Henri, mkuu wa mtandao wetu wa tahadhari. Katika mtandao huo simu hupokezana ujumbe, jirani kwa jirani, kutoka Ndosho hadi Kanyaruchinya, hata minara ikizimwa. Kila mtangazaji ana muhuri wake ndani ya simu yake. Ujumbe usio na muhuri simu zinaukataa, maana waongo walishatukimbiza ovyo kwa volkano ambayo haikulipuka. Orodha ya mihuri inayokubaliwa naitunza mimi.

Yaya yangu Apolline, yaani dada yangu mkubwa, ndiye aliyekuwa akitutangazia mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kutulia mabondeni. Mwezi wa tatu ilimuua yeye mwenyewe. Mama aliiweka simu yake ndani ya jeneza, mtu asije akamwibia sauti. Betri niliitoa kwa mkono wangu. Mpaka leo ipo dukani. Muhuri wake nilipaswa kuufuta kwenye orodha. Sikuwa na moyo huo.

Mnamo tarehe 9 mwezi wa sita, asubuhi, nikiwa dukani, simu yangu ilipokea sauti ya Apolline, yenye muhuri wake: "Batu ba Ndosho, batoto basishuke ku shimo ya mawe ya Benny. Mazuku imekaa."

Shimo hilo la kuchimba mawe jirani yetu Benny amelifungua juzijuzi, yaya akiwa ameshazikwa. Benny aliwazuia wanawe, akachungulia, akaona ndege wamelala chini wamekufa.

Papa Henri anasema kuna mwizi aliyefukua simu. Anataka kaburi lifunguliwe na muhuri ufutwe leo. Kwa kanuni zetu hajakosea. Lakini kaburi nimelitazama, saruji haina hata ufa. Naogopa, sifichi. Nilimwambia: "Papa, nikifuta ile muhuri, simu zote zitamukatala. Kesho akituita, nani atasikia?"

Naomba marehemu asisumbuliwe, na muhuri wake ubaki.

Hayo ndiyo ninayoyajua, nimeyasema bila kulazimishwa.

Sahihi: S. Kavira

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali. Alipokuwa akitia sahihi, simu yake ililia mezani pangu. Sauti ya mwanamke ilitaja chumba cha chini cha kituo hiki. Mahabusu wote nimewapandisha uani. Mshumaa tulioushusha humo ulizimika. Muhuri uachwe.

Ofisa Damien Ntirenganya