Boksi Nililolivusha Mto Thuci

Kwa Wawira, mwanangu na mama yangu,

Nimekuita mama tangu siku uliyozaliwa, kwa sababu jina lako ni la mama yangu mzazi, na sioni kwa nini niache leo eti kwa sababu umelala Ruiri kwa watu wa mume wako. Barua hii siifungi kwenye bahasha. Nitaiacha mezani mama yako aisome, majirani waisome, hata wale wa chuo chako wakipita waisome. Nilifika darasa la tatu tu, lakini wewe mwenyewe ulikuwa unasema mwandiko wangu unasomeka kuliko wa wanafunzi wako. Asiyeelewa, basi macho yake ndiyo mabovu.

Unakumbuka ulipopata kazi ya chuo kule Meru? Nilienda sokoni Karurumo nikatangaza kwamba binti ya Nyaga ni daktari. Sikudanganya mtu. Kesho yake jirani yetu Igoki akaleta mtoto anakohoa, akakaa nje ya jiko letu na kusema, "Nimekuja kwa daktari." Ukatoka na mikono yenye unga, ukamwambia, "Mama, mimi ni daktari wa historia. Ya watu wa zamani." Igoki akakuangalia kutoka chini mpaka juu. "Na hao wa zamani, walipona?" Ulicheka mpaka ukashika mlango. Halafu ukampeleka yule mtoto kliniki Runyenjes na gari lako, na mimi nikakaa mbele ili watu wanione.

Hicho chuo chako, mama, kimefunga idara yako.

Mume wako ndiye alinipigia simu. Akasema, "Baba, wanataka chumba cha Wawira kiwe wazi kabla ya muhula kuanza. Na mimi vitu vyake sina pa kuviweka." Nikamwambia asiguse kitu, nakuja mwenyewe. Nikavaa lile koti la arusi yako, nikaenda Meru kuwaambia waache huo upuuzi. Nilijua wakiniona watabadilisha nia. Mimi nimewahi kubadilisha nia za machifu.

Nilipokelewa na kijana wa ofisi, mtu wa Manyatta. Tukasalimiana kwa lugha yetu, lakini tulipofika kwa mambo ya chuo akahamia Kiswahili, na Kiswahili kilipomshinda akahamia Kiingereza, nikamrudisha.

"Mzee wangu," akasema, "dunia imebadilika. Sasa tunafundisha kozi zenye kazi. Uuguzi, kompyuta, hoteli, biashara ya kilimo. Mtoto akimaliza, anaajiriwa."

"Na historia?"

"Hakuna anayeichagua siku hizi."

"Na lugha?"

"Tutabakisha kidogo. Ile ya kuandikia ripoti."

"Binti yangu alikuwa anakuja nyumbani na gari lake. Unaniambia hiyo kozi haina kazi?"

Akakuna shingo. "Alikuwa na kazi ya kufundisha wengine kozi hiyo hiyo, mzee."

Mama, nilitafuta jibu. Wewe ungelipata. Mimi nikagonga meza, kwa sababu meza haijibu.

Kijana akainuka, akafunga mlango, akaongea polepole. "Kusema kweli, hata wanafunzi wa uuguzi wanaomba kile chumba kisafishwe. Wanasema kuna wazee wanaongea mle ndani."

"Wazee gani?"

"Hata sisi tunashangaa. Chumba tulikifunga tangu mwalimu afariki. Sisi tunaingia tu kuweka vifaa na kutoka."

Akachukua ufunguo tukaenda. Ilikuwa asubuhi ya Julai, ukungu umeingia mpaka kwenye korido, na kila mwanafunzi tuliyekutana naye alitokea ghafla na kupotea ghafla. Kijana akafungua, akabaki nje. Mimi nikaingia. Ndani nikamwona mtu amelala kitandani, shuka imefika kifuani. Mimi nimelelewa. Nikatoa kofia nikasema, "Pole na ugonjwa, ndugu yangu." Hakunijibu. Kando yake kulikuwa na mwanamke, na dirishani mwingine, wote midomo wazi kama watu waliokatizwa maneno.

"Ni sanamu za plastiki, mzee," kijana akasema kutoka mlangoni. "Ni za kujifunzia sindano."

Nikavaa kofia yangu. Lakini nikaona kitu. Vichwa vyao vyote vilikuwa vimeelekea kabati lako. Kijana wa Manyatta akaingia, akavigeuza kimoja kimoja vitazame dari, kama mtu aliyezoea kufanya hivyo kila akiingia.

Ndani ya kabati kulikuwa na lile boksi la kaseti na mashine yako ndogo. Sikuhitaji kusoma ulichoandika juu. Nilijua walio ndani. Mbogo mwenye mizinga. Ciarunji mfinyanzi. Na mimi. Wewe mwenyewe uko kwenye kaseti zote, ukiuliza.

Unakumbuka ulivyonirekodi? Tulikaa nje ya ghala, mashine ukaiweka juu ya debe. Ukasema, "Baba, taja jina lako." Nikakuuliza, "Kwani hulijui?" Ukasema, "Mimi ninalijua. Mashine haijui." Nikalitaja kwa sauti mpaka kuku wakakimbia. Nikakusimulia nilivyomfukuza chui kwa mpini wa jembe. Nilisimulia mpaka jua likatua, na kila nikinyamaza ulikuwa unasema neno moja tu, taratibu, kama mtu anayesukuma mlango kwa kidole: "Halafu?"

Mbogo alikufa. Ciarunji alikufa. Wewe ukawafuata. Kwenye hilo boksi, aliye hai ni mimi peke yangu.

"Hivi mtavifanya nini?" nikamuuliza kijana.

"Vitachomwa na makaratasi mengine, mzee."

Nikaliinua. Alitaka kunisaidia, nikakataa. Sijawahi kusaidiwa kubeba mtoto wangu.

Nisikilize hapa vizuri. Siku ya mazishi yako nilisimama Ruiri kwenye vumbi kama mgeni. Binti akiolewa huzikwa kwa mume. Hiyo najua, mbuzi za mahari yako nilizila mwenyewe. Lakini huku kwangu hapakubaki kitu chako ninachoweza kukaa karibu nacho jioni nikinywa chai. Nilipoliweka boksi begani nikasikia kaseti zikigongana kidogo ndani, nikajua sibebi vitu vya chuo. Nakuleta nyumbani.

Na wewe uliandika mwenyewe desturi ya nyumba yetu, nilikufundisha mimi. Mtu akifia ng'ambo ya mto, anayemleta huongea naye njiani. Kabla ya kila mto humtaja jina, humwambia, "Tunavuka," na hageuki nyuma. Asiyetajwa hubaki ng'ambo. Na aliye hai hatajwi kamwe. Hata mtoto wa kwetu anajua.

Salim alinibeba na pikapu yake. Yule Salim wa Meru mjini, mtoto wa mwenye duka la vitambaa, uliyekuwa unamwita ndugu. Tulipokaribia mto Mutonga nikaanza. "Mbogo, tunavuka. Ciarunji, tunavuka. Wawira, mama, tunavuka." Halafu nikaona si haki. Sauti kubwa kuliko zote mle ndani ni yangu. Niwavushe wengine, mimi nibaki Meru kwenye kile chumba na wale wagonjwa wa plastiki? Nikasema, "Nyaga, tunavuka."

Salim akacheka. "Mzee, kwani hata wewe umo kwenye boksi?"

"Mimi ndiye mkubwa wao. Utaniachaje?"

"Haya, mkubwa. Usisahau kulipia kiti."

Nithi nikafanya vile vile, na Salim akacheka kidogo. Tukafika Thuci. Ukungu ulikuwa umelala darajani, taa za gari zikawa hazionyeshi kitu. Nikataja Mbogo, nikataja Ciarunji, nikakutaja wewe, nikajitaja. Na nyuma yetu, kutoka kwenye boksi, mtu akaitika, "Naam."

Salim hakucheka. Alizima redio. "Mzee, umeitika wewe?"

"Sikuitika."

"Ile ilikuwa sauti yako."

"Nimesema sikuitika. Endesha."

Akasema Bismillahi, akaendesha. Sikugeuka.

Mama yako alikuwa anatungoja getini. Anajua kazi yake katika desturi ile. Aliuliza kutoka ndani kabla ya kufungua, "Umekuja na nani?" Nikataja wote kwa mpangilio ule ule wa njiani, ulimi ukaenda wenyewe mpaka jina la mwisho. Nikasikia komeo likisogezwa, likarudishwa. Kisha akafungua. Akatumiminia uji, bakuli langu akaliweka mbele yangu, na jingine akaliweka kando ya boksi.

"Hilo ni la nani?"

"Si ulijitaja?" akasema, akaendelea kuosha sufuria.

Boksi nililiweka kwenye chumba chako cha zamani. Mashine haina betri, nilizitoa mimi mwenyewe nikatia kwenye tochi. Lakini ukungu ukishuka alasiri, mama yako akiwa jikoni na mimi nikiwa kwenye shamba la kahawa, ananisikia nikiongea chumbani kwako. Ananiita ninywe chai, naitika kutoka shambani, na kutoka chumbani naitika pia. Mwanzo nilimwambia masikio yake yamezeeka. Siku moja nikasimama mlangoni mwenyewe. Nikakusikia. "Halafu, Baba?" Ulikuwa wewe kabisa, na yale mafua yako ya Julai. Na mimi nikajibu ndani, nikiwa nimesimama nje mdomo umefungwa.

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu. Mama, sikuogopa. Nilifurahi. Tangu siku hiyo alasiri zangu zote ni hapo.

Jambo la chui lilinipata baadaye. Ilikuwa siku ya kupokea mahari ya mjukuu wa Igoki, nyumba imejaa wageni, wakasema kama kawaida, "Nyaga asimame, atuambie ya chui." Nikasimama. Nikaweka mkono kiunoni. Nikasema, "Yule chui alikuwa..." Nikaangalia watu. Watu wakaniangalia. Hapakuwa na chui. Nilitafuta mpini wa jembe, nikatafuta shamba lenyewe, nikakuta ukungu mtupu. Igoki akasema, "Leo chui amemfukuza yeye," wakacheka, nikacheka nao, nikakaa. Niliporudi nyumbani mama yako alikuwa amesimama uani, sufuria mkononi. "Wewe ulikuwa kwa Igoki?" akaniuliza. "Saa hii yote umekuwa chumbani unasimulia chui."

Baada ya chui likaenda lile la machifu. Likaenda la njaa, na la kujenga shule. Kila linalosimuliwa ndani ya boksi, mdomoni mwangu halipo tena. Hayo niliyokuandikia hapa nimeyapata kwa kumuuliza mama yako.

Yeye anasema nilirudishe ng'ambo. Alimwita Salim bila kuniambia. Salim akasimama pale uani, amekataa hata kukaa.

"Mzee, tulivushe Thuci na urudi peke yako," akasema. "Ujitaje ukiwa unarudi huku, bila boksi. Labda itakuachia."

"Na Wawira?"

Akachomoa funguo za pikapu mfukoni.

"Wawira abaki wapi, Salim? Chumba chake kimejaa plastiki. Chuo hakimtaki. Nimwache kando ya barabara, darajani, kama gunia?"

"Mzee, wewe uko hai."

"Mimi ni mkaidi," nikamwambia. "Hiyo ni zaidi ya kuwa hai."

Mama yako akaingia ndani akafunga mlango. Salim akaondoka bila kunywa chai. Boksi liko pale pale. Nimeamua, na unanijua nikiamua.

Lakini nilijua kuna kitu kimoja ambacho boksi halina. Hukukiuliza siku ile nje ya ghala, na mimi sikukitoa, kwa sababu mashine ingesikia na watu wako wa chuo wangesikia. Darasa la tatu nilifika, ndiyo, lakini nilitoka bila kitu. Kuandika ulinifundisha wewe, ukiwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka. Ulikuwa unatandaza majivu mbele ya mafiga, unashika kidole changu hiki kikubwa, unakivuta. Ukasema, "Baba, usikaze, herufi haitoroki." Jina la kwanza nililoandika si langu. Ni lako. Upepo ukaingia mlangoni ukalifuta, nikaliandika tena. Hakuna aliyejua. Hata mama yako alikuwa mtoni.

Nilifikiri hilo nitabaki nalo. Ndiyo maana nilianza barua hii, niliweke hapa kwa mkono wangu kabla mkono haujasahau.

Sasa ni alasiri na ukungu umefika kwenye ghala. Nimesikia kitu huko chumbani kwako. Sauti yako haikuwa ya daktari. Ilikuwa ya mtoto, ya mtu asiye na meno ya mbele, ikisema usikaze. Halafu nikamsikia mwanamume anacheka, kicheko ambacho sijakicheka miaka mingi, na nikasikia majivu yakikwaruzwa.

Sina hasira, Wawira. Mara ya mwisho nilipopakumbuka pale mafigani palikuwa pazuri, na inaonekana wenyewe wamerudi kukaa. Nitamwambia mama yako bakuli langu la mezani aliondoe, lile la kando ya boksi linatosha. Kalamu imeanza kuwa nzito, na hii herufi inayofuata imenibidi niichungulie juu ya ukurasa nione inavyokwenda.

Nimekusikia. Umeuliza, "Halafu?" Ngoja nifunge kuku, nakuja ndani.

Ni mimi, baba yako, ambaye alikuleta nyumbani.