Mama, Nimemwambia Kabula Ashuke Ufuoni

Shikamoo mama yangu,

Najua huwezi kuniitikia, mwaka wa sita huu tangu tukuzike Kisesa, lakini leo sina mwingine wa kumwambia. Mjukuu wako Kabula, yule uliyemwachia jina lako, hapatikani kwenye simu tangu asubuhi. Na aliyemtuma kwenye maji ni mimi.

Hukuwahi kuiona harusi yake. Ameolewa na kijana wa Tanga, mwalimu, mpole, na mwezi huu wamehamia kijiji kimoja cha pwani upande wa Pangani. Hakukaa bure. Wiki ya kwanza tu ameshajenga chanja, anaanika dagaa kama wewe na mimi tulivyoanika hapa Igogo, kando ya ziwa. Nilijisifu kwa kila aliyenisikiliza. Nilisema hiyo ni damu ya mama yangu.

Jana redio ilitangaza kwamba kimbunga kinaelekea pwani ya kaskazini. Leo asubuhi nikasikia kimepungua nguvu, nikaizima redio hapo hapo nimpigie. Akaniambia upepo umetulia. Mabati ya jirani yameng'oka, minazi miwili imelala barabarani, lakini yeye mzima. Maji yamerudi nyuma mbali kabisa, na chanja zake anaziona zimeanguka, nyavu zake za kuanikia zimefukiwa nusu mchangani.

"Sasa unasubiri nini?" nikamwuliza.

"Mama, majirani wanasema tusishuke kwanza."

Nikamcheka, mama. Nikamwambia tangu lini mtoto wa ziwani akaogopa mchanga uliolowa. Nikamrudishia maneno yako yale yale: maji yakisharudi nyuma yamemaliza kazi, wahi nyavu zako kabla hazijazama zote. Akasema sawa mama, ngoja nivae.

Unakumbuka siku uliyoniambia maneno hayo? Nilikuwa darasa la tatu. Dhoruba ililipiga ziwa mpaka maji yakapanda juu ya mawe. Ilipopoa tu ukanishika mkono tukatoka wa kwanza, wenzako bado wamejifungia ndani. Tulifukua nyavu kwa mikono, wewe unaimba Kisukuma na kunitania kwamba nina vidole vya karani. Tuliporudi ukanifuta mchanga miguuni kwa kanga uliyokuwa umejifunga, kidole kimoja kimoja. Sikuogopa hata kidogo kwa sababu ulikuwepo. Na kweli, maji hayakurudi.

Leo nilipokata simu nilikwenda kwa jirani yangu Mama Rehema, mzaliwa wa Tanga, nimpe habari njema kwamba kwao kumepoa. Alikuwa anapeta mchele. Aliuweka ungo chini.

"Umemwambia ashuke? Bahari si ziwa, mama Kabula. Maji yakipwa, yajaa tena siku hiyohiyo. Na kimbunga bado kiko huko nje, yatapanda kuliko kawaida."

"Yanajaa saa ngapi?"

"Mchana huu."

Nikampigia Kabula pale pale, simu haipatikani.

Mambo ya kupwa na kujaa niliyasoma shuleni, mama. Niliyajibu kwenye mtihani nikapata vema, kisha nikayasahau, maana hapa kwetu sikuwahi kuyaona.

Sasa ni saa tisa. Redio nimeiwasha tena, na kumbe tangazo lina sehemu ya pili ambayo asubuhi sikuingoja: watu wakae mbali na ufuo, mawimbi bado ni makubwa. Mumewe yuko Tanga mjini kwenye semina, naye anapiga, hampati. Pengine mnara umeanguka. Pengine umeme umekatika na simu imeisha chaji. Najipa sababu hizi moja baada ya nyingine na hakuna hata moja inayonikalisha kitini. Nikitoka nje naliona ziwa limetulia, wingu zito tu juu yake, nami nalichukia kwa utulivu huo.

Sikulaumu wewe. Ulisema habari za ziwa, na tulikuwa ziwani. Mimi ndiye niliyeyabeba maneno yako mpaka baharini nikamlazimisha mtoto, kwa sababu nilitaka sana afanane na wewe. Na yule hajawahi kunibishia tangu azaliwe. Si angenibishia leo tu.

Mama, katika nyumba yako hakuna aliyewahi kufungiwa mlango. Hata waliofika chakula kimekwisha uliwapikia. Najua ulivyompenda Kabula. Akitokea huko uliko leo, amelowa, anakuita bibi, najua utainuka kumlaki. Nakuomba, usimpokee. Usimpe hata maji ya kunawa. Mwambie arudi kwa mama yake.

Naiachia hapa, nipige tena.

Mimi mwanao, kitinda mimba wako,
Igogo