Kugusa Kete

Ngamiani, Alhamisi, Agosti 1954

Sijamwambia mtu: leo nilitaka kumdhulumu wifi.

Tangu kaka amlete kutoka Pemba, wifi haongei ila salamu, nami kwa haya zangu nazidi kunyamaza. Nilishaogopa tutaishi hivi hivi. Leo mama alipotoka tukachimba kishimo mchangani uani, tukacheza mdako. Wifi akarusha kete moja juu, na alipokuwa akichota nyingine shimoni, kidole kikagusa ya pembeni asiyoikusudia.

"Umekufa!" nikasema haraka. Akanipa zamu bila neno, uso umemshuka.

Katika zamu yangu, nami nikagusa. Hakuona. Nikaendelea kucheza, lakini moyo ukakataa.

"Wifi, nami nimekufa. Niligusa."

Akaangua kicheko! "Mwizi mkubwa we! Kwetu kugusa si kufa, mradi uidake ya juu. Nilidhani ndiyo sheria ya nyumba hii, nikanyamaza."

"Basi tucheze ya kwenu."

Akanifunga mara tatu, huku akiniuliza skuli walinifundisha nini. Sijapata kufurahia kushindwa namna hii.

Mama akiuliza mchanga kwenye kanga ya bibi harusi umetoka wapi, wewe daftari hujui kitu.