Watoto Wote Isipokuwa Mariamu

Mupendwa Baba,

Jana wazee walitoka kukuzika, wakaketi uani kwako hapa Nchelenge, Zambia, wakakusifu. Nimekasirika, ndiyo maana nakuandikia huko uliko.

Unakumbuka alipozaliwa Idi, mdogo wangu? Tulikuwa tumetoka Kongo juzijuzi, tunalala chini ya turubai, mvua inapiga. Ulitawadha, ukampokea kwa mkunga, ukaelekea kibla, ukamwadhinia sikio la kulia, taratibu, kisha ukamsomea ikama la kushoto. Tende hatukuwa nayo. Ulichovya kidole kwenye asali ukampaka kinywani, akalamba, tukacheka wote. Ukaniambia, “Sauti ya kwanza mutoto asikie ikuwe ya kumutaja Mungu, si kelele yetu.” Siku ile nilikupenda kuliko siku zote.

Tangu hapo Waislamu wachache wa ufuko huu wa ziwa walikuita wewe. Ulipanda boti mpaka kisiwa cha Kilwa, humu humu ziwani, kwa mtoto wa mtu usiyemjua.

Nilipojifungua Mariamu, nyumba yako ilikuwa nyuma ya soko tu. Chanda, mume wangu, mvuvi na Mkristo, alitoka ziwani hata hajala, akaja kuchuchumaa mbele yako, akakuita baba kwa lugha ya kwao.

“Tata, mutoto amezaliwa. Binti yako anakuomba uje umusomee.”

Hukumtazama. “Ule mutoto haiko wa kwetu. Mupeleke kwa pasta yako.”

Aliniletea maneno hayo ameinamisha kichwa, kama yeye ndiye aliyeyasema.

Baba, niliolewa nje ya dini, najua. Ulinigombeza, ukanifukuza, nikanyamaza. Lakini Mariamu alimkosea nani? Alikuwa bado na damu ya uzazi kichwani! Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba kila mtoto anazaliwa safi. Wa kwangu alichafukia wapi?

Chanda alirudi kwako tena. Safari hiyo ulifunga mlango.

Basi nilimwadhinia mwenyewe, nimeegemea ukuta, kiuno kinaniuma. Katikati nikasahau maneno, nikalia, nikaanza upya. Mama mkwe wangu, anayeimba kwaya kanisani, alizima redio mpaka nikamaliza. Yeye, Baba! Wewe ulikuwa kwako, unakunywa chai.

Jana sasa, mzee mmoja akasema, “Marehemu alipokea batoto bote ba huku.”

Nikasimama, Mariamu amelala mgongoni. “Bote, isipokuwa huyu.”

Shangazi akanivuta kitenge. “Nyamaza, mama. Tuko kwenye kilio.”

Sikunyamaza. Niliwaeleza yote, mpaka mlango ulioufunga. Yule mzee akaniuliza, “Mutoto anaitwa nani?”

“Mariamu. Binti ya Chanda.”

Akainua mikono, akamwombea awe mtoto mwema, akue, wazazi wake wamfaidi. Wote wakaitikia. Chanda, aliyekuwa amesimama nje ya uzio, akavua kofia.

Ningepaswa kufurahi. Badala yake hasira ilinipanda upya, kwa sababu mzee alimaliza kabla chai yake haijapoa. Kumbe ni kitu kidogo hivyo, Baba. Kidogo hivyo, ukaninyima.

Leo asubuhi nimekuombea Mungu akupanulie kaburi. Hilo ni haki yako kwangu, nimelitimiza. Kukusamehe, bado. Nikiweza, nitakuja kukuambia pale kaburini, na Mariamu nitamleta akitembea kwa miguu yake.

Lala, Baba.

Ni mimi binti yako,
Mama Mariamu