Asipokula, Mfuko Haujai

Goweko

Mjukuu wangu Flavia,

Shikamoo yako uliyompa Amon aniletee imefika, marahaba. Ila miguu unayo, ungeileta mwenyewe.

Tumbaku tumevuna. Karanga zimeliwa na panya. Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu babu yako anasikia.

Tangu wampasue, choo kinamtoka tumboni, kwenye mfuko wa kubandika. Namhudumia mwenyewe. Ngozi ya pembeni ilipokuwa nyekundu nikaipaka asali, maana huku kwetu kidonda tunakipaka hiyo. Kumbe mfuko haushiki kwenye asali! Choo kikavuja, ngozi ikababuka kama imemwagiwa uji wa moto. Nesi akanifokea, "Bibi, osha kwa maji matupu, kausha, tundu la mfuko ulikate lilingane na utumbo uliotokeza, ngozi isibaki wazi!" Nikamwambia nimelea watoto yeye hajazaliwa. Lakini nimefanya alivyosema, na ngozi inapona.

Sasa babu yako hataki kula. Anasema asipokula, mfuko haujai, na usipojaa hauvuji. Amebaki mifupa. Nimemtukana, nimempikia ugali na mlenda anaoupenda, nimelia mbele yake, mimi Agnetha! Anageukia ukutani.

Wewe ndiye anayekuita mke wake mdogo, na ukimtania hucheka. Mimi mke mkubwa nimeshindwa. Njoo umlishe mumeo, mke mwenzangu. Usingoje kuja kuzika.

Ni mimi bibi yako,
Agnetha